Zile Saa Tisa Nilizozimeza

Nyumba ileile, mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatatu, saa kumi na moja jioni.

Mpendwa Kaka Mlingoti,

Kwanza pokea salamu zangu, tena nyingi, kabla sijaanza kukuharibia siku. Habari za kazi, habari za baridi? Wifi hajambo? Mtoto ameshaota jino la pili au bado anatafuna kila kitu kwa ufizi? Na mgongo wako je? Ulisema vitanda vya huko mtamboni baharini vimetengenezwa kwa ajili ya watu wafupi na unalala umejikunja siku zote kumi na nane za zamu. Nakuombea wakutafutie kitanda cha urefu wako, ingawa sijui kama kipo.

Sisi huku tunapumua. Ningependa kuandika kwamba sote ni wazima kama tulivyofundishwa shuleni, lakini sitaki kuianza barua hii kwa uongo. Uongo ndio umenifikisha hapa nilipo.

Barua hii anakuletea yule muuguzi wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mama wa mapacha. Anasafiri Jumatano kwenda kumwona binti yake, bahati nzuri mji huohuo wa kwako, na amekubali kuiweka mikononi mwa wifi. Wewe unashuka kutoka mtamboni Alhamisi na simu zenu huwa wanazifungia getini, kwa hiyo nikikupigia leo najisumbua bure. Hata hivyo nimekutumia ujumbe mfupi utakaousoma ukishuka: soma barua kwanza, ndipo umpigie Mama. Nilijaribu kuyaandika yote kwenye simu nikafuta mara tano. Wifi naye tunapendana lakini hatuelewani lugha, tukipigiana ni kucheka tu na kutaja jina la mtoto.

Kaka, naomba ukae chini.

Unakumbuka siku uliyoondoka, miaka kumi sasa? Tiketi yako ilikuwa juu ya meza ya kulia, na Baba akanipa mimi niisome kwa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeajiriwa ofisi ya mabasi, karani wa vifurushi, na nyumba nzima ilikuwa inanivimbisha kichwa kwamba sasa tuna mtaalamu wa safari. Nikasoma. Kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa saba mchana, siku hiyohiyo. Mama akauliza, kwa hiyo ni saa ngapi njiani? Nikajibu bila hata kufikiri: saa nne.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Kaka. Kutwa nzima naandika kwenye hati za vifurushi, gari limeondoka saa hii, litafika saa hii. Ukitoa hii kwenye hii unapata urefu wa safari, na mteja unamwambia aje kuchukua mzigo wake saa ngapi. Kwa mabasi yetu haijawahi kukosea, labda tairi lipasuke. Hakuna hata kituo kimoja ambacho gari linafika na kukuta saa ya ukutani inasema mambo yake. Sikujua kwamba watu wa ndege wanaandika saa ya kuondoka kwa saa ya huku, na saa ya kufika kwa saa ya huko.

Mama alifurahi sana. Umbali ulikuwa umemkaa rohoni wiki nzima, na mimi nikawa nimeutoa kwa neno moja. Alisimama palepale akaenda kumwambia jirani kwamba mwanawe anakwenda mbali kwa jina tu, saa nne, wakati dada yake mwenyewe, Mama Mdogo, kumfikia ni saa kumi na nne kwa basi na unafika umejaa vumbi mpaka masikioni.

Siku ile ulipoondoka, kuanzia saa saba mchana tulikaa na simu katikati yetu tukisubiri useme umefika. Saa nane, kimya. Saa kumi, kimya. Mama akaanza kuzunguka chumba. Ujumbe wako uliingia saa nne usiku, ukisema ndiyo kwanza umeshuka. Sisi tukashukuru Mungu, lakini Mama alichonga mdomo. Akasema amefika tangu mchana, akazunguka mjini kushangaa majengo, sasa usiku ndiyo amekumbuka kwamba ana wazazi, halafu anatuambia ndiyo kwanza ameshuka. Hukujua kwamba hata hujalala usiku wa kwanza huko na tayari nyumbani umeshaitwa muongo.

Mimi niligundua wiki mbili baadaye. Ulinipigia ukasema unakwenda kula chakula cha mchana, na mimi nilikuwa nimeshapiga mswaki nataka kulala. Tofauti ya saa nilikuwa naijua, wote tulikuwa tunaijua, Mama mwenyewe alikuwa anasema huko jua linachelewa. Ila hakuna aliyeipeleka ile tofauti kwenye tiketi. Kesho yake ofisini nikachukua hati tupu ya kifurushi, nikaandika juu yake kama wewe ndiye mzigo. Nikaongeza zile saa tisa za tofauti juu ya zile nne. Kumi na tatu. Nikaandika tena, ikatoka kumi na tatu.

Nikamuuliza Breki, yule dereva wetu wa gari la masafa marefu, mji wako uko umbali gani. Akatafuta kwenye simu yake, akaguna. Kilomita elfu kumi na mia sita. Njia yetu ndefu kuliko zote ina mia tisa. Breki akapiga hesabu kwa vidole, akaniambia kwa basi ni kama wiki nzima bila kulala, na hapo lami ipitishwe juu ya bahari. Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, kisha nikaenda chooni nikakaa humo.

Kwa nini sikusema? Kaka, ningejua cha kujibu ningekuwa nimeshajijibu. Aibu ndiyo ya kwanza, mtaalamu wa safari ameshindwa kusoma tiketi. Halafu nilimwonea huruma Mama. Alikuwa analala vizuri kwa sababu ya zile saa nne. Nikasema nani anaumia? Acha ziendelee kuwa nne.

Sasa ngoja nikwambie nani aliumia.

Baba alipofariki, wewe ulipigiwa alfajiri na tulimzika siku hiyohiyo saa kumi jioni. Ulisema usingewahi. Uliniambia mimi, ukamwambia Mama, ulilia mpaka ukashindwa kumaliza sentensi. Mama aliishusha simu, akaniangalia, akasema, "Saa nne, Karani. Saa nne tu, na kutwa nzima tumempa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, viti tumeazima, mtu ananiuliza sufuria, mwingine ananiuliza orodha ya michango. Nikamwambia Mama, labda ni kazi. Ndivyo nilivyosema. Nilikusingizia kazi wakati najua kwamba hata ungetoka saa ileile uliyopigiwa, na ndege ingekuwa imeshakuwashia injini, na ukalikuta basi la kukuleta, ungetukuta tumeshatawanyika.

Sijui kama uliwahi kujiuliza kwa nini tangu hapo Mama anaongea nawe kwa adabu kama mtu wa benki. Asante kwa kupiga, nashukuru, wasalimie. Uliniuliza mara mbili kama kuna jambo, na mara zote mbili nikakuambia ni uzee na mauti ya Baba. Haukuwa uzee. Miaka sita yote Mama ameamini kwamba mwanawe wa kwanza alishindwa kutoa saa nne za maisha yake kuja kumzika baba yake. Hakuwahi kukulaani, nakuapia, lakini picha yako aliihamisha kutoka sebuleni, ikawa kwenye kabati la vyombo.

Kaka, mimi ndiye niliyekufanya mtoto mbaya. Nilikuwa nakula nawe kwenye sahani moja, ukinibeba begani kwenda shule wakati wa matope, na hivyo ndivyo nilivyokulipa. Ukitaka kuisimamisha barua hapa uitukane, itukane, halafu uendelee kusoma, kwa sababu jambo lenyewe bado sijalifikia.

Mtoto alipozaliwa Mama alilainika. Picha aliiweka sebuleni, ya mtoto tu, lakini siku tatu baadaye nikakuta na yako imerudi. Ulipomtumia tiketi alijifanya hajali, akasema ataangalia, huku nguo za safari ameshazitoa. Ungemwona ungecheka. Aliniomba niisome tena ile tiketi na mimi nikasoma hivyohivyo, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, nikanyamaza. Mwenyewe akamalizia, saa nne.

Ndipo mguu ukavimba. Kwenye simu tulikuambia ni uchovu, hivyo ndivyo Mama alivyotaka uambiwe. Ukweli ni kwamba damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu wa kushoto. Daktari anasema miaka ishirini na sita ya kusimama mbele ya pasi pale kwa dobi haikumsaidia. Ana mwezi mmoja na nusu sasa anakunywa dawa za kuyeyusha damu, na hatari yenyewe ni hii: akikaa muda mrefu bila kunyoosha mguu, kipande kinaweza kukatika, kikapanda mpaka kifuani. Hapo ni dakika chache tu.

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki na akamuuliza daktari kuhusu safari. Daktari ni mama mmoja mwenye miwani, hana maneno mengi. Akauliza, safari yenyewe ni ya saa ngapi? Mama akasema saa nne. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba wake uko mapajani kwangu. Daktari akafikiri, akasema saa nne anaweza, avae soksi za kubana, asimame kila baada ya muda. Akaandika barua ya ruhusa na akasoma kwa sauti alichoandika: isizidi saa tano, zaidi ya hapo ni hatari kwa maisha yake.

Niliona kalamu inavyokwenda, nikaona sahihi, nikaona muhuri. Ulimi ulikuwa mzito kama nimeng'olewa jino. Nilijiambia nitamweleza daktari pembeni tukitoka, kisha nikajiambia nitamweleza Mama nyumbani, kisha wiki zikapita. Jumamosi hii ndiyo safari.

Jana nilisema.

Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la safari, amekaa kwenye stuli kwa amri ya daktari, na Mama Mdogo, aliyekuja wiki iliyopita kumsaidia kufungasha, alikuwa anakunja vijiguo vya mtoto kitandani. Niliingia nikakaa juu ya begi. Nikasema, "Mama, safari si saa nne. Ni saa kumi na tatu."

Akauliza nani ameziongeza.

Nikavua saa yangu ya mkononi nikairudisha nyuma kwa saa tisa, nikaishika karibu na saa ya ukutani, nikamwonyesha. Hii ni ya kwetu, hii ni ya kwa Kaka. Unaondoka na hii, unafika na hii. Nilizungusha mishale ya saa zote mbili kwa pamoja, polepole, na Mama alikuwa ananiangalia mikono. Mama Mdogo hakuelewa, alisema yeye ameshasafiri saa kumi na sita kwenye basi, amekaa juu ya ndoo, na hakufa. Lakini Mama alielewa kabla sijamaliza. Akachomoa waya wa pasi.

Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ya baba yako?"

"Asingewahi, Mama. Asingewahi kwa namna yoyote."

Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, Kaka, mtu mzima na watoto wangu wawili, na ningelipokea kwa shukrani. Akawa anaikunja kola ya lile gauni na kuikunjua. Akaniuliza tangu lini nilijua. Nikamwambia. Akatingisha kichwa tu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, siyo kwangu, kwamba miaka sita amemwita mwanawe muongo na ukweli ulikuwa chumba cha pili.

Mimi mjinga nilidhani hapo mambo yamekwisha. Nilidhani akishajua ni saa kumi na tatu ataahirisha mwenyewe, atasema basi, nitakwenda nikipona. Nikamshika mkono nikamwambia, Mama, daktari alisema isizidi tano, tusogeze tarehe, Kaka ataelewa. Akautoa mkono wake.

"Sasa ndiyo nakwenda," akasema. "Msamaha wa namna hii siombi kwa simu."

Nikalia, nikapiga magoti, nikamweleza habari ya kipande kupanda kifuani. Akaniambia nisimtishe. Akasema mguu wake uliharibiwa na kusimama, na kwenye ndege mtu anakaa, sasa ugonjwa wa kusimama utazidishwaje na kukaa? Mama Mdogo akaitikia kwa nguvu. Wawili hao wakikubaliana huwa hakuna mahakama ya rufaa, unawajua. Nilipoendelea kumsihi, akanikata.

"Huyo uchungu wa kumzaa ulinishika saa kumi na saba," akasema, "na sikuwa na soksi za kubana. Kumi na tatu ndizo zitanishinda?"

Kaka, nimekwisha. Nilipokuwa naficha ukweli nilikuwa namweka hatarini, na nilipousema ndiyo nimemsukuma kabisa. Kama ningeusema miaka sita iliyopita, Mama angekuwa hana deni nawe, na mguu ulipovimba angekaa zake kitandani akisubiri upone kama mgonjwa mwingine yeyote. Anakwenda huko kwa sababu yangu. Nikilala naota nimekaa ofisini na namwandikia hati.

Leo asubuhi kabla ya kazi nilikwenda kliniki peke yangu. Daktari alivua miwani, akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia aibu. Aliandika barua nyingine ya kufuta ile ya kwanza, akampigia Mama palepale mbele yangu. Akamweleza vizuri, kwamba asubiri miezi mitatu, damu ikishayeyuka na mshipa ukishatulia atamruhusu yeye mwenyewe kwa moyo mweupe, na kwamba sasa hivi, hata Mama achomwe sindano ya kuzuia damu kuganda, yeye haweki sahihi. Mama akasema ahsante daktari, nimesikia, Mungu akubariki, akakata simu. Barua ya kwanza ameificha kifuani na hiyo ndiyo atakayoionyesha uwanja wa ndege. Daktari akaniambia mtu mzima hawezi kumfunga kamba.

Nimefikiria kuficha pasipoti. Analala nayo. Nimefikiria kumwambia kwamba ndege imeahirishwa, na uongo wenyewe ulishafika mpaka kwenye ulimi, lakini Mama sasa haniamini hata nikimwambia mvua inanyesha, tiketi anasomewa na Mama Mdogo. Nimemwomba yule muuguzi aongee naye. Alikuja jana jioni, akaongea lugha ya kitaalamu, Mama akampa chai na kumuuliza kama ana nafasi kwenye mzigo wake ya kubeba blanketi la mtoto. Blanketi ndilo hilo utakalolikuta limefunika barua hii.

Umebaki wewe peke yako. Najua huwezi kuja, makaratasi yako ya ukaazi bado yako mezani kwa watu wa uhamiaji na ukitoka nje ya nchi sasa hivi hawatakuruhusu kurudi, na wifi na mtoto wako upande huo. Sikuombi uje. Nakuomba umzuie. Jambo hili ni gumu kuliko kuja, nalijua. Mama anakuja kukuomba msamaha, na mtu anayekuja kuomba msamaha ukimwambia usije, anasikia hajasamehewa. Ataingia chumbani, atageuza uso ukutani, na picha yako sijui itakwenda wapi safari hii. Lakini atakuwa hai, Kaka. Miezi mitatu ikipita atakuja akiwa anatembea, na hayo mengine mtayamaliza huko mkiwa mmekaa na mtoto wenu katikati.

Saa nimezihesabu vizuri leo, nimezirudia mara nne, na nimempa Breki azirudie. Ndege ya Mama inaondoka Jumamosi saa tatu asubuhi kwa saa ya huku. Kwako hiyo ni saa sita ya usiku wa Ijumaa. Sisi tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwako ni Ijumaa saa mbili usiku. Ukishuka Alhamisi jioni utatukuta huku ni alfajiri ya Ijumaa, Mama ameamka anachemsha maji. Piga saa hiyo. Usisubiri upumzike wala usisubiri uoge.

Amepita hapa sasa hivi akaniuliza namwandikia nani. Nikasema Kaka. Alisimama mlangoni muda kidogo, ameshikilia fremu ya mlango kwa sababu ya mguu. Amesema nikuandikie maneno haya kama alivyoyatamka, na nimeyaandika hivyohivyo:

"Mwambie asimame mahali nitakapomuona mapema. Na asishtuke, nimekonda."

Kaka, naomba asikuone umesimama hapo Jumamosi.

Mama Mdogo anakusalimu, anasema kama huko kuna baridi kweli kwa nini kwenye picha mtoto hana kofia. Wanangu wanamsalimu Mjomba, mkubwa amekuzidi kiburi na mdogo ameanza kukuzidi urefu wa miguu. Breki anakusalimu ingawa hakujui. Mpe wifi mkono wangu, na mtoto umbusu kwenye nyayo kwa niaba ya shangazi yake ambaye hastahili. Mungu akulinde juu ya maji yale, akushushe salama Alhamisi, na akupe moyo mgumu kwa dakika kumi tu, halafu akurudishie huohuo ulio nao.

Neno la mwisho. Atakayepokea simu ni Mama, na ataweka sauti kubwa ili wote tusikie. Namjua, na wewe unamjua. Hataanza na habari ya mguu, ataanza na msamaha. Ataliita jina lako la utotoni, na ukilisikia hilo utalia, na ukilia yeye ataona umemwita, na Jumamosi atapanda. Kwa hiyo siku hiyo vunja adabu zote tulizolelewa nazo. Usimwamkie. Usimuulize ameamkaje. Akisema haloo, sema usije, Mama. Hayo mengine yote, na kulia, yafuate baadaye.

Mimi dada yako, nikupendaye kuliko nilivyokutendea,

Karani